Mama Mkwe Ametoka Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema! Mke wangu amepiga simu asubuhi. Hakubipu, alipiga. Alikuwa na shida yake, lakini simu ni simu.

Anataka picha ya marehemu mama yake. Ile ya ukutani, nyeusi na nyeupe, mama mkwe ameketi kwenye kiti, mikono magotini, anamkazia macho mpiga picha kana kwamba mpiga picha kachelewa kazini. Ndiyo picha pekee iliyobaki. Mjukuu wetu ameanza kuuliza nani ni mama wa nani, na mke wangu anataka amwonyeshe. Akasema niivushe barabara tu kwa Fundi Picha, atoe nakala, nimkabidhi kondakta wa basi aipeleke huko kwa binti yetu.

Nikajibu sawa, hamna neno. Nilijibu upesi mno. Simu ilipokatika ndipo akili ilipofika.

Maana mambo yako hivi. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu kumsaidia alipojifungua. Alisema atarudi mtoto akianza kutambaa. Mtoto akatambaa. Akasema basi, akianza kutembea. Mtoto sasa anapanda meza na kurukia makochi, na mimi bado niko hapa na vyumba viwili na sufuria kubwa ambayo sina sababu ya kuitumia. Sijamwambia lolote. Mwanamume hasemi mambo hayo kwenye simu.

Sasa picha ikitoka kwa Fundi, itapanda basi, itashuka, yamekwisha. Lakini nikiitoa mimi! Kubwa, safi, kupita kazi yoyote ya Fundi! Nitamwambia kitu hiki hakipandi basi kikabanwa na magunia ya watu, uje ukichukue mwenyewe. Akija ataona nyumba yake, ataona mumewe, moyo utalainika. Atakaa.

Na printa ninayo. Ya wino, ina skana juu yake. Binti alituachia siku alipoolewa. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichotarizi mke wangu, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki.

Mpango huu hauna hata tundu la sindano.

Jumanne, 5 Machi

Maua yameshuka, kitambaa kimeshuka, printa imeshuka. Imewaka! Ilinguruma kidogo, kisha ikatulia kunisubiri. Muda mrefu sasa hakuna kitu kilichonisubiri humu ndani.

Nikamtoa mama mkwe ukutani. Nikamwamkia, shikamoo mama, kwa mazoea. Katika uhai wake sikuwahi kumtazama usoni. Mkwe hatazamwi. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma, na tukigongana uani naangalia vidole vyangu vya miguu mpaka apite. Nadhani aliujua utosi wangu kuliko sura yangu. Na leo mtu huyo huyo nimemlaza kifudifudi kwenye kioo, nikamfunika kwa mfuniko, nikabonyeza kitufe. Nilitazama pembeni wakati taa inapita.

Akatokea kwenye laptopu. Nikataka kuona mikwaruzo, nikamvuta karibu, nikavuta zaidi ya nilivyokusudia, pua ikajaa skrini nzima. Niliomba radhi kwa sauti kubwa.

Mshonaji wa chumba cha jirani, ambaye ukuta wetu ni mmoja na umbea ni wa kwake peke yake, akauliza dirishani kama nimepata mgeni. Nikamjibu niko na mama mkwe. Mashine yake ya kushonea ikasimama. Nikakumbuka kwamba ndiye aliyepika siku ya msiba wa mama mkwe.

Nimechapa kwenye karatasi ya kawaida. Mama mkwe katoka zambarau. Karatasi imelowa, ikajikunja, naye akajikunja nayo. Kanikazia macho vilevile.

Jumatano, 6 Machi

Nimefikiri kisomi. Picha ni nyeusi na nyeupe. Nyeusi ni wino, nyeupe ni karatasi. Sasa hizo rangi nyingine zinaingiaje? Ndizo zinazoleta fitina! Nikachagua wino mweusi peke yake.

Hakutoka zambarau, hilo nakiri. Katoka vidotidoti. Mashavu yote pilipili manga, kama mtu aliyepigwa picha akiwa ndani ya chandarua. Tena mistari myeupe imemkata kuanzia paji la uso hadi magotini. Printa ikasema kichwa chake kimeziba, nikubali kisafishwe? Nikakubali, nani akatae usafi. Kumbe inajisafisha kwa wino! Mimi nilifikiri itatumia maji. Nilikuwa msoma mita za maji mpaka nilipostaafu, nimeona mabomba yaliyopasuka na matangi yanayovuja, ila sijawahi kuona chombo kinachokunywa vile bila mita. Nimekisafisha tena na tena. Mistari imepungua. Wino pia.

Nikatoka kwenda kununua wino na karatasi za picha. Lazima upite mbele ya studio. Fundi Picha alikuwa mlangoni, kama kawaida yake, amezungukwa na watu. Mtu huyo hakosi watu! Akaniita Bwana Mita mbele yao, jina ambalo halina heshima hata kidogo, akaniuliza ule mfuko una nini. Nikasema mambo yangu. Akauchungulia.

Hapo akafungua darasa. Eti wino mweusi peke yake hautoshi, kijivu kizuri hutoka kwa rangi zote kuchangia kidogokidogo. Eti niiambie printa ni karatasi ya aina gani niliyoiwekea. Eti nikitoa picha niiache ikauke mpaka kesho yake, halafu niitoe nje niitazame kwenye mwanga wa mchana kabla ya kusema lolote. Akamalizia kwa kunyoosha mkono kwenye picha za dirishani mwake: ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wakacheka.

Mke wangu naye alikuwa akimsifu mtu huyu. Fundi ana jicho, Fundi ana subira. Nimeamua sitafuata hata neno moja.

(Nimefuata lile la rangi zote, na lile la karatasi. Lakini nilikuwa nimeshayafikiria mwenyewe.)

Ijumaa, 8 Machi

Karatasi ya picha ina uso na ina mgongo. Hili hawaliandiki kwa herufi kubwa. Nilichapa mgongoni. Wino haukushika, ukawa unatembea. Nikataka kuuzuia kwa kidole gumba, mama mkwe akaota masharubu. Nilitoka nje nikakaa kidogo kwenye kizingiti.

Nikageuza karatasi. Nikachapa tena. Printa ilikuwa inamtoa polepole, kilemba kwanza, kisha paji, kisha macho, na mimi nimeinama mbele yake nikipokea kwa mikono miwili.

Jamani! Karibu! Karibu kabisa! Isipokuwa ana wekundu kidogo, kama mtu mwenye homa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikapunguza nyekundu, nikaongeza kijani tone moja. Nikachapa. Homa imeshuka. Nikaongeza tone jingine. Nikachapa. Nikaongeza. Asubuhi nzima nikimtibu hivyo, na adhuhuri akatoka kijivu. Kijivu cha kweli! Kilemba cheupe, kivuli cha shingo cheusi, vidole vinahesabika. Niliruka. Nikamtazama kwenye kiti, nikamtazama mezani, nikamtazama kitandani. Kila mahali kijivu. Nje sikumtoa, kwa sababu nje ni maneno ya Fundi.

Tena mimi sipendi kufungua fungua. Pazia langu huwa limefungwa kutwa. Ni lile jekundu, zito, mke wangu ndiye aliyelichagua. Tangu aondoke silifungui, kwa kuwa wateja wa mshonaji hukaa pale kwenye benchi, wakigeuka wananiona mezani. Sitaki watu wanione nikila peke yangu. Basi.

Nikampigia mke wangu. Nikasema picha ipo, lakini haipandi basi. Akauliza kwa nini. Nikasema imetoka na heshima zake. Nikamsikia mjukuu anabomoa kitu. Kisha akasema sawa, atakuja Jumapili, na kwamba hata hivyo ana neno anataka kuniambia, si la kwenye simu.

Ana neno! Neno gani lingine litakuwa? Amechoka kukaa kwa watu, anarudi kwake! Nimeimba wakati naosha sahani. Mshonaji amegonga ukuta.

Jumamosi, 9 Machi

Maandalizi. Nimefagia chini ya kitanda. Nimesugua ile sufuria kubwa. Nimeanika shuka. Nimenunua fremu, nikamweka mama mkwe ndani, nikamfunika kitambaa cha printa nimfunue kwa shangwe.

Mshonaji aliona shuka kwenye kamba, akataka kujua. Nikamweleza mpango, kwa juu juu. Akauma uzi, akasema si ningemwambia tu mwenzangu kwamba nina upweke, yakaisha? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamjibu sina maradhi, nina printa. Akasema ananisikia kila siku nikimwamkia marehemu. Nikamwambia hiyo ni adabu.

Sikupenda maneno yale. Nilirudi ndani nikakaa na mama mkwe. Nimemtazama wiki nzima sasa, haya zimeniisha. Leo nimeona kitu. Hajakasirika. Siku zote nilidhani ile ni picha ya mtu aliyekasirika, kumbe pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, kuna kicheko kinazuiwa. Labda mpiga picha alikuwa mtu wa vituko. Labda hata zile siku za uani, mimi nikiwa nimeinamia vidole vyangu, alikuwa akinicheka kidogo, kwa wema. Ningeinua macho mara moja tu ningejua.

Nimejisikia vibaya. Nimejisikia mpweke, ndiyo, naandika humu kwa kuwa hakuna anayesoma. Chai nimepika nyingi kwa bahati mbaya, nimeimwaga.

Kesho kutakuwa na watu wawili humu ndani!

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu alifika na basi la asubuhi. Nilivaa koti. Akaniuliza naenda wapi.

Amenenepa kidogo, inampendeza. Alikaa kwenye kiti chake, akatazama huku na huku, akasema nyumba ni safi. Nikamleta mama yake mbele yake. Nikafunua.

Mpango ulifanya kazi! Nataka hilo liandikwe. Alishika fremu kwa mikono yote miwili, akasema, “Mama.” Macho yakamjaa maji. Akasema hata Fundi asingefanya hivi. Hata Fundi! Nikaomba arudie, akarudia.

Kisha akasema, “Baba, humu ndani giza, nataka nimwone vizuri.” Na kabla sijafika, akaenda dirishani akavuta pazia.

Mchana ukaingia wote. Mama mkwe akawa kijani.

Si kijani cha kubishania. Kijani cha tangi la maji lisilooshwa. Kilemba kijani, mashavu kijani, mikono kijani magotini. Nikavuta pazia, akawa kijivu. Mke wangu akalifungua, akawa kijani. Nikalifunga. Akalifungua. Wekundu wa pazia ndio uliokuwa ule wekundu wa homa, na mimi asubuhi ile nzima nilikuwa nalitibu pazia!

Mke wangu alicheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na fremu mapajani. Sikuwa nimekisikia kicheko kile muda mrefu kiasi kwamba nilisahau kukasirika. Nyuma ya ukuta mshonaji naye alikuwa akicheka bila kujua sababu, na wateja wake wamesimama kwenye benchi wanachungulia. Mama mkwe akatukazia macho sote, mdomo umebana vilevile.

Akiwa bado sakafuni, akanishika mguu wa suruali, akaniambia lile neno. Binti na mumewe wametenga chumba cha uani, kina mlango wake. Mkwe wetu mwenyewe amepigilia rafu. Mjukuu anauliza babu wa kwenye simu anakaa ndani ya simu? Nikusanye nguo zangu, tupande wote basi la mchana. Akasema amengoja muda wote huu niseme nataka kwenda, nami sikusema, akadhani napenda kukaa peke yangu.

Nami nilikuwa namngoja yeye aseme anarudi.

Nilitaka kusema ndiyo. Kalamu hii ishuhudie, nilifungua mdomo kusema ndiyo. Lakini nikajiona naishi kwa mkwe wangu, naoga bafuni kwa mkwe wangu, yeye akipita mlango wa mbele na mimi nikitafuta wa nyuma. Na koti nimevaa. Na picha imetoka kijani mbele ya watu wa benchi. Sentensi iliyotoka ni kwamba kwa sasa haiwezekani, kwa sababu printa isipotumika kila wiki kichwa kinakauka.

Akaniuliza kama hilo ndilo jibu langu. Nikamweleza kuhusu matundu ya wino. Nilieleza kwa kirefu. Alinitazama vile mama yake anavyomtazama mpiga picha, na nilikagua vizuri pembe za mdomo. Hakukuwa na kicheko.

Akainuka. Akamtoa mama yake halisi ukutani, akavuka barabara. Chai yake ilikuwa haijapoa aliporudi na nakala. Nyeusi, nyeupe, kijivu. Niliipeleka mwenyewe dirishani, nikaigeuza huku na huku, haikubadilika. Akaifunga kwenye khanga akaiweka mkobani. Ile ya zamani akaitundika mahali pake, akaugonga pia msumari uliokuwa umelegea.

Nilimbebea mkoba hadi kituoni. Mlangoni mwa basi akasema chumba kipo, na basi lipo kila siku. Nikasema nimesikia. Akasema, “Umesikia, baba, sijui kama umeelewa.” Likaondoka.

Nimerudi. Vikombe viwili mezani. Nimeosha kimoja tu.

Jumatatu, 11 Machi

Sina la kuandika. Nimefungua pazia, benchi zima likanisalimia, nimefunga.

Mshonaji amesema kupitia ukutani kwamba mkataa pema, pabaya panamwita. Baadaye alileta chakula kwenye bakuli, akaliweka mlangoni, akaondoka bila kuuliza kitu. Yeye kukosa kuuliza! Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Mama mkwe wa kijani bado yuko mezani. Siwezi kumtupa, ni mkwe. Nimemgeuzia ukutani, nikaona si adabu, nimemgeuza tena.

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu amepiga. Akampa simu mjukuu, mjukuu akapumua tu kwa nguvu, halafu akasema babu toka. Anataka nitoke ndani ya simu. Mke wangu akauliza nakuja lini. Nikasema karibuni, karibuni sana, kuna kazi ndogo namalizia.

Ni kweli ipo. Wazo lilinijia juzi nikisafisha kabati. Picha yetu ya harusi! Nayo ni nyeusi na nyeupe. Kosa langu lilikuwa nini? Kumchapa mama yake peke yake. Ningemchapa yeye na mimi! Mtu akiona alivyosimama na mumewe siku ile, bega kwa bega, atakaa kwa binti kufanya nini? Nitamwambia hii haipandi basi. Atakuja kuichukua. Akija, atakaa.

Nimenunua wino mpya. Nimechapa kwenye uso wa karatasi, si mgongoni. Nimeiacha ikauke mpaka kesho yake. Nimeitoa hata nje, mchana kweupe, sina kiburi. Huko nje tuna ukijani kidogo sote wawili, hasa mimi.

Lakini safari hii sibahatishi. Nimempelekea mshonaji pazia aziunge pande zake mbili katikati, juu hadi chini, lisifunguke. Alinitazama, akatazama pazia, akaniuliza nina hakika. Nikasema uzi mnene tafadhali. Limerudi sasa hivi, nimelitundika, nimekaa na picha mapajani.

Kwa mwanga huu tumetoka vizuri sana.